Nafasi Yako Ilikuwa Tupu

Waajemi wana msemo wautumiao mtu anapomsimulia mwenziwe karamu ambayo huyo mwenziwe hakuihudhuria. Humwambia: jaye shoma khali, yaani nafasi yako ilikuwa tupu. Iwe ni harusi, safari ya shamba, au mlo wa mchana wa wali na mchuzi tu, msikilizaji huambiwa kwamba mkekani palikuwa na mahali pake na hapakukaliwa na mtu. Ni adabu, na kama zilivyo adabu nyingi za watu wale, haimlazimu msemaji kuwa anasema kweli. Huenda hakumkumbuka kabisa. Watu wa pwani wataielewa hali hiyo, maana nao humkaribisha mpita njia chakula kisichomtosha hata mwenye nyumba, na mpita njia naye hujibu "starehe" akaenda zake, na kila mmoja akabaki na heshima yake.

Lakini msemo ule ulibadilika uzito tokea mwaka 1979. Shah Mohammad Reza Pahlavi aliondoka nchini tarehe 16 Januari mwaka huo. Ayatullah Khomeini akarejea tarehe 1 Februari. Na mwezi Septemba 1980 vikaanza vita na Iraq vilivyodumu miaka minane. Waliokuwa na pasi na nauli waliondoka kwa ndege. Wengine walivuka mipaka ya Uturuki na Pakistani usiku, kwa miguu. Wakatapakaa Paris, London, Stockholm, Toronto na Dubai, na zaidi ya kwingine kote Los Angeles, ambako mtaa wa Westwood ulijaa maduka yao hata ukapewa jina la utani la Tehrangeles. Tangu hapo nafasi tupu haikuwa tena ya jirani aliyepatwa na homa. Ilikuwa ya mama aliyebaki, ya kaka aliyefungwa, ya binti wa miaka kumi na minne aliyepelekwa kusoma Ulaya ili mabomu yasimkute.

Miongoni mwa watu hao na watoto wao wamo wachoraji, wapiga picha, watengeneza filamu na waandishi ambao, katika kutafuta wao ni nani, wameishia jikoni. Wapo waliotandika kitambaa cha kulia katikati ya jumba la sanaa wakawaketisha watazamaji chini. Wapo walioandika mapishi kama mtu aandikavyo wasia. Swali linalozaliwa hapo ni kongwe kuliko sanaa yao, na lawahusu hata wasioijua Iran: je, mtu aweza kurithi kwa kinywa kile ambacho macho yake hayakukiona? Na akiwagawia wageni urithi huo, anaulinda au anauza kisichokuwa chake peke yake?

Kiswahili na Kiajemi vimekopa kwa Kiarabu maneno mawili yanayokaribiana sauti. Kiajemi kimeshika ghorbat, hali ya kuwa gharibu, na ndilo neno ambalo wahamiaji wa Kiirani hulitumia kuutaja uchungu wao. Kiswahili nacho chalijua gharibu, lakini kwa hali ya aliye mbali na kwao kimeshika mzizi mwingine, ghaibu, kikatunga ughaibuni. Tofauti si ndogo. Gharibu hutazamwa na watu wa huko aliko, na machoni pao ni mgeni. Aliye ughaibuni hutazamwa na watu wa huko alikotoka, nao hawamwoni. Mtu ni mmoja na majeraha ni mawili. Kazi nyingi za wasanii hawa zenye kutumia chakula zina kasoro hii, kwamba hutibu jeraha la kwanza na kudhani zimelitibu la pili. Mzungu akila akasema ni kitamu, ugeni hupungua kidogo. Kutokuwapo hakupungui hata chembe.

Utazamwe mlo mmoja, ghormeh sabzi, ambao Wairani wengi wakiulizwa chakula cha kwao huutaja kwanza. Ni mchuzi wa nyama ya kondoo na maharage mekundu, lakini nyama ndani yake ni kama mgeni. Mwenyewe hasa ni majani: kotmiri, majani ya vitunguu, majani ya uwatu na mengineyo, mafungu kwa mafungu, yaliyooshwa, yakakatwakatwa, yakakaangwa polepole mpaka yakakaribia weusi. Kazi hiyo haifai kufanywa na mtu mmoja. Katika nyumba za kale wanawake walikaa duara, kila mmoja na kisu chake, na habari za mtaa zikakatwakatwa pamoja na kotmiri. Kisha hutiwa ndimu zilizokaushwa, ngumu kama kokwa, ambazo hutoboliwa ili zitoe uchachu wake mchungu. Ndimu hizo Wairani huziita limu omani, ndimu za Omani, kwa kuwa ziliwafikia kutoka upande wa pili wa Ghuba. Basi katika chakula ambacho taifa zima hujitambua nacho, kile kinachokipa ladha yake kina jina la nchi nyingine, na hajapata kusikika Muirani aliyeona haya kwa hilo.

Huko walikohamia, majani ya uwatu hayakupatikana kila soko. Walioondoka mwanzoni walitia spinachi, wakatia ndimu mbichi, wakatia majani makavu yaliyofika ndani ya mifuko ya wasafiri, yamefichwa kati ya nguo. Mtoto aliyekulia mchuzi huo wa badala aliujua kuwa ndio wa kwao. Akafika Tehran ukubwani, akapewa wenyewe hasa, ulimi wake ukasita. Hapo yupi kati ya wapishi wawili ndiye mwenye asili? Nyanya wa Tehran ana udongo na maji. Mama wa Los Angeles ana kumbukumbu, na kumbukumbu haijabadilika tangu 1979, hali ya kuwa Tehran yenyewe imebadilika. Vijana wa huko leo hula piza kama vijana wa kwingineko. Yawezekana aliyehama ndiye aliyehifadhi, kwa sababu tu hakupata nafasi ya kubadilika pamoja na wenziwe. Lakini kilichohifadhiwa kwa namna hiyo kina ubaridi wa maiti, na wasanii walio wakweli wanaujua ubaridi huo.

Najmieh Batmanglij, aliyezaliwa Tehran mwaka 1947, aliondoka wakati wa mapinduzi akaenda Ufaransa, na huko mwaka 1984 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi ya kwao. Baadaye alihamia Marekani na kuandika kikubwa zaidi, Food of Life. Wachapishaji wa Marekani hawakutaka kukigusa. Wamarekani hamsini na wawili walikuwa wameshikwa mateka katika ubalozi wao Tehran kwa siku 444, kuanzia Novemba 1979 hadi Januari 1981, na jina la Iran lilikuwa halitamkiki dukani. Yeye na mumewe wakaanzisha shirika lao la uchapishaji, Mage, na kitabu kikatoka 1986. Humo mapishi yamechanganyika na mashairi, hadithi na picha za michoro midogo ya kale, kama kwamba mwandishi alihofu kuwa wali pekee hautoshi kuwatetea watu wake. Hofu hiyo ilikuwa na haki. Katika miaka hiyo wahamiaji wengi wakiulizwa watokako walijibu kwamba wao ni Waajemi, wala hawakusema ni Wairani. Neno la kwanza lilileta mazulia na paka, la pili lilileta mateka. Uongo haukuwamo, lakini ukweli ulikuwa umekatwa nusu.

Kizazi kilichofuata kimekuwa na ujasiri wa namna nyingine. Samin Nosrat alizaliwa San Diego mwaka huohuo wa 1979, akaijua Iran kwanza kwa jiko la mama yake. Katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu chumvi, mafuta, uchachu na moto, alieleza namna ya kupika wali wenye tahdig, yaani ule ukoko wa rangi ya dhahabu ambao kwa Wairani ndio heshima ya sufuria nzima, hupinduliwa juu ya sinia na wageni wakaugombea kwa adabu. Jina alilolipa wali huo kwa Kiingereza lina kiambishi cha kupunguza. Kiswahili kingesema kwa kurudufu, wali wa Kiajemi-ajemi. Hakudai ni wa Kiajemi, wala hakuukana. Kuna wazee walioona ni utovu wa imani kwa asili. Kwa kweli ni unyoofu mkubwa kuliko wa mikahawa mingi yenye picha za Persepolis ukutani.

Wahenga wamesema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husemwa kwa sauti ya onyo, na anayeisema huwa ameshajua asili ni ipi. Visiwani, hata hivyo, upo ushahidi wa jambo gumu zaidi. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka hukogwa kila Julai: wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, kisha watu wote hula, na yasemekana si heri kwa nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Watu wa pwani huiita siku hiyo Nairuzi, na jina hilo ni Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi. Wairani husherehekea wao mwezi Machi, usiku na mchana vinapolingana, mbele ya meza yenye vitu saba vyenye kuanza kwa herufi ya sini: siki, kitunguu saumu, tufaha, na kadhalika kwa majina ya Kiajemi. Hesabu iliyofika pwani ilikuwa ya siku 365 bila kuongezwa siku kila mwaka wa nne, kwa hiyo Nairuzi ikawa inateleza, robo siku kwa mwaka, karne baada ya karne, mpaka ikawa mbali na majira ya machipuko yaliyoizaa. Hakuna mtu wa Makunduchi aliyelala njaa kwa sababu ya kosa hilo. Sikukuu imepoteza majira yake, imepoteza lugha yake, imepata migomba, na bado kiini chake, mwaka kusafishwa na mgeni kulishwa, kimesalia. Muirani wa Toronto apangaye vitu vyake saba mezani huku nje kuna theluji anafanya lilelile.

Ila hapo pana mtego, na pwani inaujua kuliko kwingine. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, na simulizi za Washirazi ni za kale sana. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya pwani uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kuwa tangu yapata mwaka 1000 kulikuwa na mchanganyiko wa mama Waafrika na baba waliotoka hasa Uajemi. Simulizi, basi, hazikuwa porojo. Lakini ni nani asiyekumbuka jinsi zilivyotumiwa? Kusema "mimi Mshirazi" kuliwahi kuwa njia ya kumwambia jirani yako kwamba yeye siye. Kile kilichorithiwa kwa mama, yaani lugha, jiko na malezi, hakikutajwa katika nasaba. Kilichotajwa ni baba aliyekuja kwa jahazi. Urithi ukitoka kinywani kama chakula hushibisha, ukitoka kama cheo hutia njaa wengine. Wahamiaji wa Kiirani nao wana yao: wamo wajivuniao Koreshi na Dario ili wapate kumdharau Mwarabu na Muafghani, na sahani ya wali wenye zafarani haiwazuii.

Tatizo la kimaadili lenye uzito zaidi liko kwingine, katika kile kinachotakiwa kwa mlaji. Mwaka 2010, mjini Pittsburgh, wasanii wawili Wamarekani, Jon Rubin na Dawn Weleski, walifungua dirisha la kuuzia chakula waliloliita Conflict Kitchen. Liliuza vyakula vya nchi ambazo Marekani ina ugomvi nazo tu, na nchi ya kwanza ilikuwa Iran: kubideh, nyama ya kusaga iliyochomwa, ndani ya mkate, na karatasi ya kufungia imechapishwa maneno ya Wairani wenyewe, wa ndani na wa nje, kuhusu siasa, ndoa, chai, mapinduzi. Wairani wa mji huo walishirikiana nao. Ilifanywa hata karamu ambayo watu wa Pittsburgh na watu wa Tehran walikula vyakula vilevile huku wakionana kwa intaneti, kana kwamba meza ni moja. Baadaye zikafuata Afghanistan, Venezuela, Cuba, Korea ya Kaskazini na Palestina, na mwaka 2017 dirisha likafungwa.

Ilikuwa kazi njema, na ubora wake ulikuwa katika zile karatasi, ambazo zilikuwa na maneno ya watu wasiokubaliana. Lakini wazo lililo nyuma ya kazi za aina hiyo, nazo ni nyingi, linataka kuhojiwa. Wazo lenyewe ni hili: aliyekula chakula cha mtu hataweza kumchukia. Historia haikubaliani nalo. Tarehe 27 Januari 2017 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia, Iran ikiwamo. Bibi waliokuwa njiani kwenda kuwaona wajukuu walirudishwa viwanjani. Katazo hilo lilifutwa Januari 2021, na mwezi Juni 2025 Iran ikatiwa tena katika orodha mpya. Mikahawa ya kebabu haikufungwa siku hata moja kati ya hizo. Yawezekana kabisa kupenda wali wa mtu na kumfungia mlango mama yake. Kwa hakika yawezekana mapenzi hayo ya wali yakamfanya mtu ajione ameshatimiza wajibu wake.

Na hata kama chakula kingeweza kulainisha moyo, ni haki mtu atakiwe awe mtamu ndipo ahesabiwe kuwa mtu? Mwenye mapishi mabaya naye ana mama. Mhamiaji anayepika ili apendwe amekubali, pasipo kusema, kwamba kutopendwa kulikuwa hali yake ya kawaida na kwamba yeye ndiye mwenye mzigo wa kuiondoa. Hiyo ni kodi, na hulipwa na wale tu ambao ubinadamu wao umetiliwa shaka.

Huko Iran kwenyewe ipo desturi ya kupika kwa wengi ambayo haina udhaifu huo. Waajemi huiita nazri, na Mswahili ataona mara moja kuwa ni nadhiri. Mtu aliyeweka nadhiri, mwanawe akapona au mfungwa akatoka, hupika chungu kikubwa cha ash, uji mzito wa mboga na tambi, au sholezard, wali mtamu wa zafarani, na wakati wa Muharamu hugawa mabakuli kwa mtaa mzima. Jirani hupokea bila kuuliza nia ilikuwa ipi, na hadaiwi neno la sifa. Kabla ya Nowruz kuna samanu: ngano hulowekwa mpaka ikaota, hupondwa, maji yake yakachemshwa na unga usiku kucha. Haitiwi sukari; utamu wote hutoka ndani ya ngano. Wanawake hupokezana mwiko mpaka alfajiri, na kila anayekoroga hunuia jambo lake moyoni. Chungu kimoja, nia ishirini, na hakuna anayeijua ya mwenziwe. Msanii anapokihamisha chungu hicho katika jumba la sanaa huko Berlin au New York, akaalika watu wapokezane mwiko, swali la kumuuliza ni moja: hao walioalikwa wameweka nia, au wamekuja kuangalia wengine wakiweka? Nadhiri haihitaji mtazamaji. Sanaa haiwezi kuwapo bila yeye. Anayetaka vyote viwili ajue kuwa anaomba jambo kubwa, na wapo wachache sana waliolipata, hasa pale walipowaita majirani zao wenyewe kabla ya kuwaita waandishi wa magazeti.

Jingine ambalo picha za karamu hizo hazilionyeshi ni mikono. Mkusanyiko wa wapishi hupendeza kwa mbali. Kwa karibu una moshi, migongo inayouma na vyombo vya kuoshwa. Kwa karne nyingi kilichoitwa urithi wa taifa kilitoka mikononi mwa wanawake ambao hawakuulizwa kama wanataka kuurithisha. Marjane Satrapi, huyo binti aliyepelekwa Vienna na baadaye akawa mchoraji Ufaransa, analijua hilo. Kazi yake mashuhuri ni Persepolis, lakini katika kitabu chake kingine cha picha, Poulet aux prunes cha mwaka 2004, anasimulia habari za Nasser Ali Khan, mpiga tar wa Tehran mwaka 1958, ambaye mkewe amemvunjia ala yake. Mtu huyo anakata shauri kufa, analala kitandani, na anakufa siku ya nane. Jina la kitabu ni la chakula alichokipenda kuliko vyote, kuku wa plamu. Chakula hicho hakimwokoi. Hicho ndicho kinachokifanya kitabu hiki kiwe cha kweli kuliko karamu nyingi za majumba ya sanaa, kwamba ndani yake mlo wa utotoni unashindwa. Mtu aliyepoteza kile kilichompa sababu ya kuamka hawezi kurudishiwa kwa sahani, hata ikiwa sahani imepikwa sawasawa.

Shirin Neshat hakupika kitu. Alizaliwa Qazvin mwaka 1957, akaenda Marekani kusoma kabla ya mapinduzi, akakwama huko, na aliporudi kutembea mwaka 1990 aliikuta nchi asiyoijua. Kazi yake ya mwaka 1998, Turbulent, ni filamu mbili kwenye kuta mbili zinazokabiliana. Upande mmoja mwanamume anaimba shairi la kale, na nyuma yake ukumbi umejaa wanaume. Anamaliza, wanampigia makofi. Upande wa pili amesimama mwanamke, Sussan Deyhim, mbele ya viti vitupu, kwa kuwa baada ya mapinduzi mwanamke alikatazwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Naye anaimba, bila maneno, sauti zinazotoka kooni na kifuani, mpaka yule mwanamume wa upande wa pili anabaki akimtazama. Viti vile vitupu husemwa mara nyingi kuwa ni vya watu waliozuiwa kumsikiliza. Vyaweza pia kuwa vya Neshat mwenyewe na wenziwe. Nafasi yao ilikuwa tupu, na mwanamke akaimba hivyohivyo.

Aliyebaki hakumngoja aliyeondoka. Huo ndio ukweli mchungu ambao sanaa ya ughaibuni huukwepa. Mwezi Septemba 2022, alipofariki Mahsa Jina Amini, kijana wa miaka 22, mikononi mwa polisi wa maadili, waliotoka barabarani Saqqez, Tehran na Zahedan walikuwa mabinti ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati Persepolis inachapishwa. Wahamiaji waliandamana Berlin na Toronto, wakalia, wakapika, wakachora. Lakini maisha yaliyowekwa rehani hayakuwa yao, na wasanii wenye haya walilisema hilo waziwazi kabla hawajaulizwa.

Ramin na Rokni Haerizadeh, na rafiki yao Hesam Rahmanian, tangu 2009 wanaishi Dubai katika nyumba moja, ambamo kula, kuchora, kukusanya vitu na kupokea wageni havikutenganishwa kwa ukuta. Mwaka 2015 walipeleka sehemu ya maisha ya nyumba hiyo katika maonyesho Zürich na Boston. Kutoka Dubai hadi pwani ya Iran ni safari fupi ya bahari. Harufu ya upepo ni ileile. Wao hawakuigeuza nyumba yao kuwa Tehran ndogo. Wameifanya nyumba yao, na atakayekuja ale kilichopo.

Monir Farmanfarmaian alirudi. Mwanamke huyu wa Qazvin alikuwa New York mapinduzi yalipotokea, na mkusanyiko wake wa michoro ya migahawa na mapambo ya Waturukimeni ukataifishwa nyuma yake. Alikaa ugenini zaidi ya miaka ishirini. Mumewe alipofariki mwaka 1991 alitengeneza visanduku vidogo vya picha na vipande vya vitu, akaviita visanduku vya uchungu wa moyo. Sanaa yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya vioo, na alipenda kusimulia kwamba ufundi huo ulianza kwa sababu vioo vilivyoagizwa kutoka Ulaya vilifika Uajemi vimevunjika, na mafundi hawakuvitupa. Mwaka 2004, akiwa mzee, alirejea Tehran akafungua karakana tena pamoja na mafundi wa vioo. Mwaka 2017 jumba lenye kazi zake likafunguliwa katika bustani ya Negarestan, na mwaka 2019 akafariki mjini humohumo. Anayesimama mbele ya kazi hizo hauoni uso wake mzima, huona jicho hapa, bega pale, na kipande cha mtu anayepita nyuma. Wasioweza kurudi hutumiwa picha zake na ndugu zao kwa simu, na wakizikuza huona, ndani ya vile vipande, mkono wa aliyepiga picha.